Shanga za Maji na Mtoto Atambaaye

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Njoro. Binti yangu mkubwa, mwenye miaka tisa, ameletewa na shangazi yake kutoka mjini Nakuru pakiti ya zile shanga ndogo za rangi ambazo zikitiwa majini huvimba na kuwa laini. Ameona kwenye simu jinsi ya kuzijaza ndani ya puto ili apate kitu cha kufinyafinya, na tangu hapo hanipi nafasi. Mwalimu wa chekechea wa mdogo wake naye amewaomba wazazi walete shanga hizo kwa mchezo wa darasani. Kitinda mimba wangu ana miezi kumi na mmoja. Anatambaa, na kila akiokotacho hukipeleka mdomoni. Pakiti imeandikwa kwamba shanga hazina sumu. Je, niwaachie wacheze? Na je, yawezekana tukazitengeneza wenyewe nyumbani kwa vitu vya jikoni? – Mama wa watoto watatu, Njoro.

JAWABU: Mama, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuwaachia watoto wacheze. Jawabu la swali lako la kwanza nalitanguliza mbele ya maelezo yote, ili hata asiye na wasaa wa kuisoma safu hii hadi mwisho alipate: katika nyumba yenye mtoto wa miezi kumi na mmoja shanga za maji hazifai kuwamo, si mezani, si kabatini, wala mikononi mwa dada mwenye miaka tisa hata akiwa mwangalifu wa kupigiwa mfano. Swali la pili lina jawabu la kufurahisha zaidi, nami nitalifikia baada ya kueleza sababu ya katazo hili, maana katazo lisilo na sababu ni zito kwa mzazi kulishika, na zito zaidi kumweleza mtoto anayelia.

Maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti, kwamba hamna sumu, aghalabu ni ya kweli kwa kadiri ya maana yake, na ukweli huo ndio uwapotezao wazazi wengi, kwa sababu mzazi akisikia kwamba kitu hakina sumu hudhani kwamba kikimezwa kitapita tumboni na kutoka kama kilivyoingia. Ushanga wa maji hautoki kama ulivyoingia. Madhara yake makubwa yanatokana na tabia ile ile iwafurahishayo watoto, yaani kunywa maji na kukua. Na tabia hiyo haibagui baina ya maji ya bakulini na maji ya tumboni.

Asili ya kitu hiki haikuwa mchezo. Katika miaka ya 1960 na 1970 wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika maabara yao ya Peoria, jimbo la Illinois, walipokuwa wakitafuta matumizi mapya ya wanga wa mahindi, walipata kitu chenye uwezo wa kunyonya maji mamia ya mara ya uzito wake, na tangu hapo jamii nzima ya polima za namna hiyo ikaenea duniani. Unga wake ndio uliomo ndani ya nepi za dukani ambazo wengi wetu huziita Pampers, na chembe zake huchanganywa na udongo wa miche katika nchi kame ili mizizi ipate akiba ya maji. Maduka ya mapambo nayo huziuza shanga zenyewe kwa kuwekwa katika gilasi za maua ili zishike mashina ya waridi. Na pakiti iliyouzwa kwa jina la pambo, si kwa jina la mchezo wa watoto, huenda isiwe na onyo lolote juu yake.

Utazame ushanga mmoja kwa makini. Ukiwa mkavu ni kidonge kigumu cha milimita mbili hivi, kadiri ya mbegu ya sukuma wiki, na ukianguka juu ya zulia hauonekani tena. Ukitiwa katika gilasi ya maji, kwa muda wa mwanzo ngozi yake hufanya makunyanzi, kwa kuwa nje hushiba kabla ya ndani; kisha makunyanzi hukunjuka, ushanga ukawa laini na wenye kuteleza, na baada ya saa kadhaa, au usiku kucha kwa aina zilizo kubwa, huwa umefikia ukubwa wa gololi, na aina nyingine hufikia ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani. Ule usio na rangi hutoweka kabisa ukiwa ndani ya maji, kwa sababu karibu wote ni maji. Mkono huugusa na jicho haliuoni. Na ukitolewa majini ukaachwa, hupungua siku baada ya siku mpaka ukarudi kuwa kidonge kigumu kile kile cha mwanzo, tayari kuvimba upya. Ushanga uliodunda kutoka bakulini Jumapili na kuviringika hadi chini ya kochi hauozi wala hauyeyuki. Hukauka na kukaa, na wiki kadhaa baadaye, mchezo wenyewe ukiwa umekwisha kusahauliwa, huokotwa na yule ambaye macho yake yako karibu na sakafu kuliko ya mtu mwingine yeyote nyumbani.

Kiasi cha kukua kwake hutegemea usafi wa maji. Chumvi huuzuia, na maji yasiyo na chumvi huuachia. Kwa hiyo mama wa Nakuru akizitia shanga katika maji ya kisima kirefu, ambayo katika bonde letu huwa na madini mengi, nasi twaijua floridi yake kwa meno ya kahawia ya watoto wetu, ataziona ndogo kuliko zile alizozitia katika maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi. Maji ya tumboni yana chumvi yake pia, na kwa sababu hiyo wapo wanaojifariji kwamba ushanga hautakua sana ukiwa ndani ya mwili. Faraja hiyo haina msingi. Utumbo mwembamba wa mtoto mchanga ni mwembamba kwelikweli, hasa kule mwisho unapokutana na utumbo mpana, wala haihitajiki gololi kubwa kuuziba. Na iwapo mtoto amemeza shanga kadhaa, kila moja ikakua kidogo, zote hukongamana mahali pamoja.

Wala haya si makisio. Mwaka 2012 madaktari wa Houston, Marekani, waliandika habari za mtoto wa kike wa miezi minane aliyepasuliwa tumbo ili kutolewa ushanga mmoja uliomziba utumbo, naye akapona. Mwaka huo huo matabibu wa Lahore, Pakistani, waliandika habari za mtoto mwingine mchanga aliyemeza kitu cha namna hiyo, na huyo alifariki. Nao waliita taarifa yao onyo kwa wazazi. Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba tangu 2016 hadi 2022 watu 7,800 hivi walifikishwa katika idara za dharura za hospitali kwa ajili ya shanga hizi. Mwaka 2023 mtoto wa miezi kumi, umri ulio karibu sana na wa kitinda mimba wako, alifariki huko baada ya kuzimeza. Septemba mwaka huo wanunuzi wakatakiwa kurejesha bidhaa 52,000 hivi za aina aliyoimeza, na Desemba maduka ya Amazon, Walmart na Target yakatangaza kwamba hayatauza tena shanga za maji kwa ajili ya watoto. Hayo ni katika nchi yenye hospitali nyingi na wapasuaji wengi wa watoto. Seuze sisi, ambao mtoto wa Kuresoi au wa Subukia hana budi kubebwa mwendo mrefu usiku kabla hajafika kwenye meza ya upasuaji.

Watu wa nchi ya kilimo, wa Njoro, Molo na Elburgon, hawahitaji kufundishwa kwamba mtoto hutia vitu vidogo puani na masikioni, maana kila msimu wa kupura maharagwe wapo watoto wanaoletwa zahanati na punje iliyovimba kwa unyevu wa pua hata ikakataa kutoka. Ushanga wa maji ni wa tabia hiyo hiyo, ila haragwe likivimba maradufu limefika kikomo, na ushanga ndio kwanza umeanza.

Sasa, mama, nataka uyashike vyema haya yafuatayo, kwa kuwa ndiyo yanayofichika hata mbele ya waganga. Ushanga wa maji hauonekani katika picha ya eksirei. Eksirei huonyesha vizuri sarafu, pini na betri ya saa, kwa sababu ni madini. Lakini kitu ambacho karibu chote ni maji, kikiwa ndani ya mwili ambao nao kwa sehemu kubwa ni maji, hakiachi kivuli cha kukitambulisha. Mzazi akifika na mtoto anayetapika, bila kutaja shanga, akapigiwa picha, picha ikaonyesha tumbo lisilo na kitu kigeni, yamkini akarudishwa nyumbani na dawa ya minyoo au ya homa, ilhali ushanga unaendelea kunywa. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kile kinachotumiwa kwa wajawazito, kinaweza kuuonyesha, iwapo mpimaji ameambiwa anatafuta nini. Kwa hiyo neno la mzazi ndilo linaloelekeza uchunguzi wote.

Dalili zake si za peke yake. Mtoto hutapika, na matapishi yakiwa ya kijani hilo ni jambo la haraka mno, hukataa ziwa na chakula, hudondokwa na mate, tumbo hujaa na kuwa gumu, choo hukoma, hulia kwa vipindi, akinyamaza kidogo na kuanza tena. Dalili hizi zaweza kuanza baada ya saa chache, na zaweza kukawia siku kadhaa, hata mzazi asiuhusishe ugonjwa wa Alhamisi na mchezo wa Jumapili. Iwapo ushanga umekwama puani, utaona kamasi zenye harufu mbaya zikitoka tundu moja tu; ukiwa sikioni, mtoto hulivuta sikio, hulia usiku, au haitiki aitwapo upande huo.

Ukishuku tu, hata bila kuona kwa macho yako, usingojee dalili. Mpeleke hospitali siku iyo hiyo. Usimtapishe, na mkiwa njiani usimpe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji usingizi wa upasuaji. Usimnyweshe maji ya chumvi, hata jirani akikuapia kwamba chumvi huzinyausha. Ni kweli huzinyausha katika bakuli, lakini chumvi nyingi katika mwili wa mtoto mchanga huua, na huua upesi kuliko ushanga. Sikioni usitie maji, mafuta wala dawa ya matone, maana maji na matone ya dawa huulisha ushanga. Chukua pakiti yenyewe na shanga kavu chache ndani ya karatasi, ili daktari ajue ni aina gani na zafikia ukubwa gani. Kutoka Njoro hospitali ya rufaa ya kaunti iko Nakuru mjini, ile ambayo wazee bado huiita PGH. Na ukianzia kituo kidogo kilicho karibu, omba waziwazi upewe barua ya rufaa ikiwa hawana kipimo wala mpasuaji.

Na iwapo mtoto amepaliwa mbele yako, hapati pumzi wala hatoi sauti, hapo hakuna wakati wa safari. Mtoto asiyetimiza mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige baina ya mabega mara tano kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kisha mgeuze chali, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Na urudie hivyo hivyo huku mwenzako akitafuta gari. Usitie kidole kooni kukitafuta usichokiona, usije ukakisukuma ndani zaidi.

Niseme neno fupi juu ya puto la binti yako. Puto lililojazwa shanga hufinywa mara chache tu likapasuka, na likipasuka humwaga shanga kwa mamia katika chumba kizima, huku vipande vya mpira wake navyo vikiwa miongoni mwa vitu vinavyowapalia watoto wachanga kwa urahisi kabisa. Mshonee soksi ya pamba iliyojazwa mchele, kwa mishono miwili, naye atafinya hadi achoke. Zipo pia bunduki za kuchezea zinazorusha shanga zilizovimba. Hizo huumiza macho, na sina la kuongeza juu yake ila kwamba zisinunuliwe.

Umeuliza kama mwaweza kuzitengeneza wenyewe. Shanga hizi hasa, hapana. Nyingi hutengenezwa kwa akrilamidi, kitu ambacho kabla hakijaunganishwa kuwa polima ni sumu ya mishipa ya fahamu, na ambacho mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Polima yenyewe haina dhara hilo, ila mabaki ya akrilamidi yanaweza kuwamo humo ikiwa kiwanda hakikuzisafisha ipasavyo, na katika bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji hilo si jambo la kulisahau. Wala msipasue nepi ili kupata unga wake, jambo ambalo watoto huonyeshwa kwenye simu kana kwamba ni sayansi. Unga ule ukipeperuka huingia machoni na mapafuni.

Kuna hata hivyo mchezo wa jikoni ulio mzuri usiopungua ule wa shanga, na watu wa pwani wamekuwa wakiunywa miaka mingi. Katika faluda ya Mombasa mna mbegu nyeusi za mrehani, ambazo zikikaa majini kila moja hujivika koti laini la utelezi, jeupe lenye kupenyeza nuru, na kiini cheusi kikibaki kati. Mbegu hizo hupatikana katika maduka ya viungo; ukizikosa, chukua chia, ambayo hulimwa hapa hapa Kenya na tabia yake ni hiyo hiyo. Tia kijiko kimoja cha chai katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga ili zisigandamane, koroga tena baada ya muda mfupi, na kwa robo saa zitakuwa tayari. Maji yaliyotiwa rangi ya bitiruti huzifanya nyekundu, ya manjano huzifanya za dhahabu, na ya mchicha uliopondwa na kuchujwa huzifanya za kijani. Mimina katika beseni pana, wape vikombe, vijiko na chujio, watandikie shuka kuukuu sakafuni kwa ajili ya utelezi, nawe ukae pale pale.

Kitinda mimba naye anaweza kuingiza mikono humo, akiwa mapajani mwako, kwa sharti moja lisilovunjwa: mbegu ziwe zimekwisha kulowa kabisa. Mbegu kavu za mrehani au za chia asipewe kamwe, kwa kuwa nazo zikimezwa kavu huvimba kooni. Akilamba chache zilizolowa hapana neno. Mchezo ukiisha mwageni zilizobaki siku hiyo hiyo, maana ni chakula, nazo huchacha. Wapo watakaokushauri kuchemsha sagu, nayo ni nzuri kwa binti yako wa miaka tisa. Ila punje za sagu zilizoiva ni za mviringo, hunata na kuteleza kwa pamoja, na kwa mtoto mdogo zaweza kumpalia, kwa hiyo uzifanye wakati mdogo amelala.

Kuhusu mwalimu wa chekechea, sidhani kwamba ana nia mbaya. Vitabu na video nyingi za malezi husifu shanga za maji kwa kuzoeza vidole na hisi za watoto, na wazazi wa watoto wenye usonji huambiwa kwamba huwatuliza. Lakini mtoto mwenye usonji aghalabu hutia vitu mdomoni hata baada ya umri wa wenziwe kuacha, na darasa la watoto ishirini wa miaka minne, mbele ya mwalimu mmoja, ni mahali ambapo hakuna awezaye kuapa kwamba shanga zilizohesabiwa asubuhi ni hizo hizo zilizokusanywa adhuhuri. Nenda ukazungumze naye kwa heshima, umwonyeshe safu hii, na umpelekee mbegu za mrehani badala yake, naamini atakushukuru.

Pakiti iliyoko rafuni kwako iondoe leo. Kama haijafunguliwa, ifunge ndani ya mfuko mwingine imara na kuitia katika taka zichukuliwazo na gari, usiitupe uani watoto wachezapo. Kama imekwisha kufunguliwa, inua zulia, sogeza makochi, umulike kwa tochi pembeni mwa kuta na ndani ya viatu, ufagie mara mbili, na zilizovimba uzimwagie chumvi zinywee kabla ya kuzifunga na kuzitupa. Usizimimine sinkini wala chooni, kwa kuwa zitavimba ndani ya bomba na kuliziba. Mweleze shangazi pia, kwa upole, kwamba zawadi yake ilikuwa ya mapenzi na kwamba nyumba nyingine zenye watoto alizozipelekea zinapaswa kusikia habari hii kutoka kwake. Na ikitokea siku yoyote katika wiki hizi mtoto akatapika na kukataa ziwa, ukifika kwa daktari usianze kwa habari ya kutapika: anza kwa kusema kwamba nyumbani mlikuwa na shanga za maji.